Kompyuta za hospitali zikizimika, ipi iamke kwanza?

Kimya changu kisiwatie wasiwasi, nipo, ni zamu za usiku tu zimenibana hapa Uingereza. Leo tuache kidogo habari za baridi na maboksi, tuongelee kompyuta. Najua mtasema nesi na kompyuta wapi na wapi. Subirini.

Wodini huku karibu kila kitu kiko kwenye kompyuta: mzio wa mgonjwa, dozi ya mwisho alipewa saa ngapi, majibu ya maabara. Usiku mmoja, kwenye hospitali niliyokuwa nafanya kazi wakati huo, hitilafu ya umeme ilizima seva zote. Umeme ukarudi mapema tu. Lakini programu ya wagonjwa ikawa inatuambia tujaribu baadaye, wakati programu ya kuombea likizo inafanya kazi vizuri kabisa! Tukatumia karatasi hadi alfajiri, tukipigia simu maabara kuulizia potasiamu ya mgonjwa mmoja mmoja. Manesi wenzangu mnajua, potasiamu si ya kubahatisha. Ikizidi, moyo unasimama.

Baadaye iliundwa kamati, nami nikawakilisha wodi. Ndipo kaka mmoja wa kitengo cha kompyuta akanieleza kilichotokea.

Siku hizi seva moja hubeba ndani yake kompyuta nyingi, zinaitwa mashine pepe. Ni kama nyumba ya kupanga: jengo moja, wapangaji kumi, kila mmoja na mlango wake. Jengo likizima, wote wanazimika. Likiwaka, wote wanaamka kwa mpigo, na walio wepesi wanatangulia. Programu ya wagonjwa iliamka ikaitafuta kanzidata yake, ikakuta bado imelala, ikakata tamaa. Hata kanzidata ilipoamka, yenyewe haikujaribu tena.

Kumbe kuna utaratibu. Kwanza mashine zinazotambua majina na nywila, maana bila hizo hakuna anayemjua mwenzake. Kisha kanzidata. Kisha programu yenyewe. Mwisho, ile inayotuletea kurasa wodini. Utaratibu huo ulikuwa kichwani mwa fundi mmoja, na usiku ule alikuwa kwake amelala.

Sasa umeandikwa kwenye skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe. Washa ya kwanza. Iulize: upo? Isipojibu, subiri sekunde kumi uulize tena. Ikijibu, nenda ya pili. Dakika kumi zikipita kimya, simama hapo hapo na umwamshe fundi kwa simu.

Nikauliza, kwani programu zinazoendesha mashine pepe haziwezi kupanga zenyewe? Zinaweza. VMware, kwa mfano, ina ngazi tano za kipaumbele. Ila usipobadilisha mipangilio yake, kundi la pili linaanza mara tu la kwanza likishatengewa nafasi, si likishakuwa tayari. Hapo nikacheka. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji hatumpeleki wodini kwa sababu tu amefumbua macho. Tunamwita jina, tunapima presha, tunaangalia pumzi. Kuwaka si kuwa tayari.

Lakini kuna swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu. Misingi ikishasimama, huduma ipi itangulie? Orodha yao ya mwanzo iliweka miadi ya kliniki juu ya maabara, kwa sababu malalamiko mengi hutoka kliniki. Nikawaambia, jamani, saa nane usiku hakuna kliniki. Kuna mtu anasubiri damu. Wakabadilisha: dawa na mzio kwanza, maabara na benki ya damu, kisha picha za eksirei, miadi baadaye, likizo zetu mwisho kabisa (wenzangu mnisamehe).

Msione ni jambo dogo. Tarehe 19 Julai 2022, siku joto la Uingereza lilipovuka nyuzi 40, vituo vya data vya hospitali za Guy's and St Thomas' kule London vilizidiwa vikazima, na kurejesha mifumo yote kulichukua wiki kadhaa. Skripti haipozi joto, wala haifufui data iliyoharibika. Inachofanya ni kumaliza ubishi kabla ya siku ya ubishi, wakati watu bado wana akili zao. Na lazima ijaribiwe mara kwa mara, maana mashine mpya zinaongezwa kila siku na orodha inazeeka.

Nyumbani nako hospitali nyingi zinaacha mafaili na kuingia kwenye kompyuta, na umeme wetu tunaujua wenyewe. Mlioko huko msiwaachie mafundi peke yao. Waulizeni: umeme ukikatika leo usiku, ipi itaamka kwanza, na nani wa wodini aliulizwa? Nasubiri maoni yenu, hasa ninyi wa Muhimbili, Bugando na KCMC.