Kelele za Chura

Mara ya kwanza nilipojenga ule mwongozo, kompyuta iliniletea maonyo 412. Yote mekundu. Nilikuwa kwa keja, saa tano usiku, bando inakaribia kuisha, na mteja alitaka kurasa ziwe hewani asubuhi. Nikashuka, nikashuka, mpaka mwisho kabisa, chini ya ile mvua yote, nikapata mstari mmoja mtulivu: ujenzi umefaulu, maonyo 412.

Umefaulu. Nani atabishana na neno kama hilo saa tano usiku?

Mimi huandika miongozo ya programu. Programu zenyewe huandikwa na wengine. Zangu ni zile kurasa mhandisi anazofungua akitaka kujua kitu fulani kinatumiwaje. Kifaa ninachotumia sana kinaitwa Sphinx. Kilianzishwa na Georg Brandl, kikatoka mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, na siku hizi hata nyaraka za kiini cha Linux hujengwa nacho. Unakipa faili za maandishi ya kawaida, kinakurudishia tovuti nzima yenye faharasa na viungo. Kikiwa kazini, kinalalamika.

Kinalalamika kwa kila kitu. Kichwa kikipigiwa mstari mfupi kuliko kichwa chenyewe, onyo. Ukurasa ukisahaulika kwenye yaliyomo, onyo. Ukimwelekeza msomaji kwenye sehemu iliyobadilishwa jina, onyo. Na kila onyo lina neno lilelile na rangi ileile, liwe la mstari mfupi au la ukurasa mzima uliopotea. Ni kama jirani anayegonga mlango kwa nguvu ileile akiomba chumvi na nyumba ikiungua.

Wazee walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Basi nikanywa maji. Kwenye faili ya mipangilio, conf.py, kuna orodha inayoitwa suppress_warnings. Unaandika humo aina ya onyo, na Sphinx hainyanyui tena mdomo kuhusu aina hiyo. Nilinakili majina moja moja, nikajenga tena, nikatazama idadi ikishuka. 412. 260. 31. Sifuri. Raha niliyosikia usiku huo, usiniulize. Asubuhi mteja akanisifu: "Safi sana, hata maonyo umemaliza." Sikumsahihisha.

Moja ya majina niliyoandika lilikuwa autodoc. Hiyo ni sehemu ya Sphinx inayofungua programu yenyewe, ikasoma maelezo ambayo mhandisi ameyaandika ndani yake, na kuyaweka kwenye ukurasa. Ikishindwa kuifungua, kwa mfano kwa sababu mashine inayojenga haina maktaba fulani, hutoa onyo na kuendelea na safari. Ukurasa unatoka. Una kichwa. Chini ya kichwa hakuna kitu.

Mteja wangu alikuwa na programu ya malipo. Wiki tatu baadaye wakaongeza maktaba mpya, na hakuna aliyekumbuka kuiweka kwenye mashine inayojenga mwongozo. Ukurasa wa kurudisha pesa ukawa mtupu. Katika maelezo yaliyopotea kulikuwa na sentensi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeihariri: ukirudia ombi, tumia namba ileile ya kumbukumbu, la sivyo pesa zitarudishwa mara mbili. Jamaa mmoja anayeshughulikia tovuti ya duka dogo alifungua ukurasa, hakukuta kitu, akabahatisha. Mtandao ulipokwama akarudia maombi kwa namba mpya. Wateja wakarudishiwa pesa mara mbili. Walipopigiwa simu, baadhi walirudisha. Wengine walizima simu.

Mhandisi wa mteja akanipigia. Huyo dada hajawahi kunipandishia sauti, na siku hiyo pia hakunipandishia.

"Ndugu yangu, kwani hukuona onyo lolote kwa huu ukurasa?"

"Hapana," nikasema. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimepanga nisione.

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha kimya.

"Na hii orodha kwa conf.py ni yako?"

Sehemu ya mwisho ya malipo yangu ilienda kwa lile duka. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza, kabla hawajapendekeza wao. Ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hii haikuwa mara yangu ya kwanza. Nikiwa chuo, barua pepe zilikuja hata kumi kwa siku, zote zimeandikwa MUHIMU kwa herufi kubwa: kitambulisho kimeokotwa, mechi ya Jumamosi, uchaguzi wa wanafunzi. Nikaweka kichujio ziende moja kwa moja kwa folda nisiyoifungua. Mojawapo ilikuwa ya tarehe ya mwisho ya kujisajili kwa mtihani. Siwezi kusema niliacha chuo kwa sababu ya kichujio. Karo ilichangia zaidi. Lakini ile semesta niliipoteza hivyo, na sikurudi.

Bado nanyamazisha maonyo. Hakuna mtu anayeweza kusoma 412 kila siku akabaki na akili timamu. Baada ya wiki moja jicho lenyewe linayaruka, hata bila orodha. Kosa langu lilikuwa kufunga midomo ya ukoo mzima kwa sababu ya wapiga kelele wachache. Siku hizi yale mepesi nayarekebisha tu: mistari yote mifupi ilinichukua alasiri moja. Ukurasa niliouacha nje ya yaliyomo kwa makusudi, naandika :orphan: juu yake, yaani yatima, na onyo la ukurasa huo peke yake linakoma. Jina la nje ambalo Sphinx haiwezi kulipata, naliweka lenyewe kwenye nitpick_ignore, bila kuwagusa ndugu zake. Kando ya kila mstari naandika sababu na tarehe, ili atakayekuja baada yangu ajue ni nani alinyamazisha nini. Kisha najenga kwa -W, ambayo hugeuza onyo lolote jipya kuwa kosa. Ujenzi unagoma, na hakuna tena habari ya kufaulu. Hadi mwaka 2024 ilibidi niongeze --keep-going ili nione yote kwa mpigo, badala ya kukwama kwa la kwanza.

Miezi minne baadaye yule dada alinipa kazi nyingine. Orodha yangu ya suppress_warnings kwa mradi huo ni tupu, na ile nyingine ya majina ya nje ina mistari mitatu. Juzi usiku ujenzi uligoma. Nilikuwa na usingizi mzito, na mkono ukaenda wenyewe kwa conf.py. Nikaurudisha. Nikasoma. Kichwa kilikuwa na herufi 19, na mstari chini yake alama 18.

Chura tu. Nikaongeza alama moja, nikajenga tena, nikalala.