Riwaya ya Kiwasifu na Usemi wa Mtu wa Kihistoria: Mfano wa Karema

Riwaya ya kiwasifu, yaani masimulizi ya kubuni yanayojengwa juu ya maisha ya mtu aliyepata kuishi, hutiliwa shaka na wanahistoria wengi, na shaka hiyo ina msingi. Mtunzi huwatilia watu vinywani maneno ambayo hayakuhifadhiwa popote. Hata hivyo, mimi niliyekulia Mpanda na kufundisha isimu kwa miaka mingi naona kuwa thamani ya riwaya hizo imo katika kazi hiyo hiyo. Nitalieleza dai hili kwa kumtazama Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika miaka ya 1860. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, na kukombolewa na Mapadre Weupe nchini Algeria. Baadaye walimsomesha utabibu huko Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mapadre hao walikuwa wamekabidhiwa mwaka 1885 ngome iliyojengwa na Wabelgiji. Hapo, katika eneo ambalo tangu 2012 limo katika Mkoa wa Katavi, alioa, akawa katekista na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956.

Maelezo yake juu ya maisha yake yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa Kiingereza. Hapa ndipo tatizo linapoanzia. Tippu Tip alituachia tawasifu kwa Kiswahili, nasi tukiisoma twamsikia akisema. Atiman twamfahamu kwa matendo yake, ilhali usemi wake wa kila siku mbele ya wagonjwa umetupotea.

Tuchukue kwamba mtunzi aandika riwaya ya Kiswahili juu yake. Mwanahistoria aweza kuandika kwamba Atiman alimtibu mgonjwa, akaendelea. Mtunzi hawezi, kwani lazima mgonjwa aingie na kusema. Je, atasema Kibende, Kifipa au Kiswahili? Atamwita tabibu huyu mganga, jina analoitwa pia mwenye mizizi na hirizi, au daktari? Je, kijana mgeni wa miaka ya mwanzo ataitwa baba na watu wanaomzidi umri? Mgonjwa akisema "tumbo linaniuma", tumbo ndilo mtenda na mtu ndiye mtendwa. Mfaransa husema kuwa yeye ana maumivu tumboni. Tabibu aliyelelewa na wamisionari wa Kifaransa aliusikiaje usemi huo? Kila jibu la mtunzi ni dai la kihistoria, na nyaraka zenyewe hazikutulazimisha kuliuliza swali.

Yawezekana kupinga kwamba jibu la kubuni litameza ukweli, na msomaji atamkumbuka Atiman wa riwaya badala ya yule wa Karema. Hatari hiyo ni ya kweli. Ebrahim Hussein aliitambua katika tamthilia yake ya Kinjeketile (1969), akamtahadharisha msomaji kwamba mhusika wake si yule Kinjeketile wa historia ya Maji Maji. Mtunzi wa riwaya ya kiwasifu naye anawajibika kuonyesha, katika dibaji, ni maneno yapi aliyoyatoa katika nyaraka, yapi kwa wazee, na yapi ni yake.

Kati ya vyanzo hivyo vitatu, cha pili hakitatungoja. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi Atiman alipofariki sasa amekaribia themanini. Nyaraka zitabaki katika makabati, bali namna watu wa Karema walivyomwita, walivyomsalimu na walivyomtania imo katika vinywa vya wachache. Mwanafunzi wa uzamili atakayeikusanya atawafaa wanaisimu na wanahistoria pia, na mtunzi atakayekuja baadaye atakuwa na haja ndogo zaidi ya kubuni.