Roki Bila Kumwamsha Jirani

Watu wengi hudhani kwamba muziki wa roki hauwezi kurekodiwa ila katika studio kubwa yenye kuta nene na mitambo ya thamani. Hata hivyo, mwaka 1982 Bruce Springsteen wa Marekani alitoa santuri yake iitwayo Nebraska, aliyoirekodi katika nyumba aliyokuwa akiishi, kwa mashine ya kaseti yenye mikondo minne tu. Nao vijana wa Zambia wa miaka ya 1970, kama wale wa vikundi vya WITCH na Amanaz, walipiga roki ambayo hata leo husikilizwa ng'ambo. Siku hizi kompyuta kuukuu yaweza kubeba mikondo mingi kuliko ile kaseti, na programu za kuiendesha hupatikana bila kununuliwa.

Kwetu sisi shida haikuwa mitambo, ilikuwa usingizi. Nyumba za askari zimeshikana kama meno. Mwenye zamu ya usiku hulala mchana, mwenye zamu ya mchana hulala usiku, na hakuna saa ambayo ngoma na gitaa la umeme vyaweza kuvumishwa bila mtu kubisha ukutani. Sasa shemeji yangu, aliye koplo jeshini, alikuja likizo ya siku 21 kabla ya kurejea Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kwenda mwaka 2007. Alikuja na gitaa lake na nyimbo nne alizotunga kambini. Akaniambia, "Shemeji, nataka watoto wangu wawe nazo kabla sijaondoka." Hakueleza zaidi, nami sikumwuliza.

Mjini wapo wanaouza nakala za programu ghali zilizovunjwa kufuli, kwa bei ya chakula cha mchana. Sikuzitaka. Nyumba ambayo baba hutoka asubuhi kwenda kukamata wezi haifai kuendeshwa kwa kitu cha wizi. Aidha, nakala hizo mara nyingi huja na virusi. Nilichagua programu huria, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa kuzitumia, kutazama jinsi zilivyoundwa ndani, kuzirekebisha na kumgawia mwenzake. Msingi wa fikra hiyo ulitangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, na mwaka 1991 Linus Torvalds akatoa Linux, ambayo ndiyo inayoendesha kompyuta yetu. Kwa anayeanza, Audacity yatosha: ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ikatolewa mwaka 2000. Ardour, iliyoasisiwa na Paul Davis, ina uwezo mkubwa zaidi, lakini sura yake hutisha, na maelezo yake mengi ni ya Kiingereza. Bure si sawa na rahisi.

Gitaa tulilichomeka moja kwa moja katika kisanduku kidogo kinachopeleka sauti kwenye kompyuta. Programu iitwayo Guitarix huigiza ule mkwaruzo wa amplifaya kubwa, na mpigaji husikia ngurumo yote masikioni mwake peke yake. Mtu aliyeketi karibu husikia nyuzi tu, kama mbu. Hapo yafaa kujua jambo moja. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Fungu la vipimo 1,024, kwa mwendo wa vipimo 48,000 kwa sekunde, huchukua takriban sehemu 21 za elfu za sekunde, na mpigaji huhisi kama vidole vyake vimechelewa. Tulipopunguza fungu hadi 256, shemeji alitabasamu.

Ngoma zilitoka katika Hydrogen. Kasoro yake ni kwamba hupiga sawasawa kama gwaride, na roki haipendi gwaride. Nilisogeza mapigo machache mbele na nyuma kidogo, mengine nikayapunguza nguvu, hata yakafanana na mkono wa mtu.

Kuimba ndiko kusikoweza kufichwa. Mwimbaji wa roki hupaza sauti kweli kweli. Tulingoja saa kumi jioni, wakati wa zamu ya usiku wamekwisha amka na watoto wamejaa uwanjani kwa kelele zao. Tuliegemeza godoro ukutani, tukatundika mablanketi mawili nyuma ya mwimbaji, tukamwomba Mungu mvua isinyeshe juu ya mabati. Sauti niliiacha chini kwa makusudi, ncha zake zisipite desibeli 12 chini ya kikomo, kwa maana sauti iliyogonga kikomo hupasuka, na kuitengeneza ni taabu tupu.

Kisha huja kazi ya kuchanganya, ambayo ni kama kuwaketisha wageni wengi katika chumba kidogo. Gitaa moja nililiweka kushoto, la pili kulia. Na hilo la pili shemeji alilipiga upya, kwani nakala ya lile la kwanza haileti upana wowote. Katika magitaa na sauti ya mwimbaji nilikata mvumo ulio chini ya hezi 80 hivi, ili besi na ngoma kubwa zipate mahali pa kukaa. Uzi mnene wa besi huvuma kwenye hezi 41, kiasi ambacho spika ya simu haikitoi kabisa. Basi mume wangu alipokuwa akitoka zamu nilimpa wimbo ausikilize kwa simu, na palipopotea besi niliiongezea mkwaruzo kidogo ili isikike hata huko.

Nyimbo tatu zilikamilika, akaondoka nazo, na watoto wake wanazo. Ya nne haikuwahi: siku mbili za mwisho mvua ilinyesha kila jioni. Ngoma, besi na magitaa yote mawili yamo. Mkondo wa tano nimeuandika jina lake, nikauacha mtupu mpaka likizo ijayo.