Kinanda Juu ya Baiskeli: Safari ya Jang'ombe, Unguja

Wageni wengi waendao Unguja huishia Mji Mkongwe. Hutazama milango ya nakshi, hula urojo Forodhani, kisha hupanda meli kurudi Dar es Salaam na kusema, "Unguja tumeiona." Leo twende upande wa pili wa mji, tufike Jang'ombe. Huko tutatazama jambo linalowakabili vijana wengi wapigao muziki, wa Unguja na wa kwetu pia: mtu mwenye kinanda cha umeme, na chombo chake cha safari ni baiskeli tu, achague spika ya namna gani?

Upande huo wa pili waitwa Ng'ambo, na jina hilo lina sababu yake. Zamani hori ya bahari iliutenga mji wa mawe na makazi ya upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Hori ilikwisha kufukiwa na daraja halipo tena, lakini soko kubwa la hapo hata leo laitwa Darajani. Kutoka Darajani twapita Michenzani, penye maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Tukizidi kusini-mashariki twaingia Jang'ombe. Kutoka Forodhani ni mwendo wa kilomita 3 hivi. Mwenye baiskeli hafiki na jasho jingi.

Jang'ombe ni mtaa wa watu, si mtaa wa kutazamwa. Nyumba zimekaribiana, baraza zina wazee na watoto, na kila mtu ana neno la kusema juu ya mpira, maana mtaa huu umetoa timu mbili za kujulikana, Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe. Barabara kubwa ina daladala na pikipiki, lakini ukiiacha tu waingia katika vichochoro ambamo gari haipiti. Hapo mwenye baiskeli hushuka na kuikokota. Liweke moyoni jambo hili, kwa kuwa ndilo litakalotuamulia mengi huko mbele.

Ng'ambo ndiyo iliyoipa Unguja sehemu kubwa ya muziki wake. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, alihamia mjini mwaka 1911 na kukaa Ng'ambo. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Kabla ya hapo alikuwa akitembea kwa miguu akiuza vyungu, na sauti yake haikuhitaji kubebwa na mtu mwingine. Katika mitaa hiyo pia ndimo mlimostawi kidumbak, ngoma ya arusi inayopigwa kwa fidla, vigoma viwili vidogo, cherewa, mikwasa, na sanduku. Sanduku ni kasha la mbao lenye fimbo na kamba moja, nalo hutoa sauti nzito ya chini. Jamaa wa kidumbak huchukua vyombo vyao mikononi, huingia katika uchochoro wowote, na baada ya dakika chache uwanja umechangamka.

Baadaye kilikuja kinanda cha umeme. Vikundi vya taarabu ya kisasa, kama East African Melody na Jahazi, vilikifanya kiwe nguzo ya muziki wao, kwa sababu mtu mmoja mwenye kinanda aweza kutoa sauti za fidla, kodiani na ngoma kwa vidole vyake kumi. Lakini kodiani ina mapafu yake yenyewe. Kinanda cha umeme hakina. Kisipopata spika ya kufaa huwa kama mwimbaji mwenye homa ya koo: midomo yaenda, watu hawasikii.

Basi tuseme kijana amealikwa kupiga katika arusi ya jirani, Jang'ombe au Mwanakwerekwe. Akikodi gari ya kwenda na ya kurudi usiku wa manane, nauli itakula sehemu kubwa ya ujira wake. Baiskeli ndiyo inayomwezesha kurudi nyumbani na fedha mkononi. Kwa hiyo swali la spika si swali la anasa, ni swali la riziki. Na tuanze na uzito.

Kinanda cha funguo 61, kama Yamaha PSR-E373, kina uzito wa kilo 4.6 na urefu wa karibu sentimita 95. Kile cha funguo 88, kama Yamaha P-45, chapita kilo 11 na urefu wake wazidi sentimita 130. Hicho cha pili ni kizuri nyumbani, lakini juu ya baiskeli ni balaa. Tuchukue cha kwanza. Ongeza stendi ya kilo 3 hivi na waya za kilo 1. Ukitia na spika ya kilo 7, mzigo wote unakuwa kilo 16 kasoro kidogo, yaani pungufu ya mfuko wa mchele wa kilo 25. Baiskeli yenye keria imara huchukua mzigo huo bila kulalamika. Lakini ukinunua spika ya kilo 20 au zaidi, kama zile kubwa za jukwaani, umeishajifunga kwa mwenye gari. Tena, katika uchochoro utaibeba kwa mikono.

La pili ni umeme. Watu wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa jambo hili. Umeme wao hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme huo ulikatika, kisiwa kikakaa gizani kwa wiki kadhaa. Ulikatika tena Desemba 2009, na haukurudi mpaka Machi 2010. Mwaka 2013 uliwekwa waya mpya wenye nguvu ya megawati 100, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo, uwanja wa arusi mara nyingi uko mbali na plagi, na waya mrefu unaopita juu ya mikeka yenye watoto ni hatari. Kwa hiyo spika ya mpiga kinanda wa baiskeli yapasa iwe na betri yake.

Ziko za namna mbalimbali. Roland KC-110, yenye wati 30, imetengenezwa kwa ajili ya vinanda na hutumia betri ndogo 8 za kununua dukani. Bose S1 Pro, iliyotoka mwaka 2018, ina betri ya kuchaji ndani yake na uzito wa kilo 7 hivi, na watengenezaji wasema hufika saa 11 kwa chaji moja. Siyataji majina haya kuyafanyia biashara, bali yawe kipimo cha kulinganishia. Asiyeyaweza kwa bei aweza kumwendea fundi amtengenezee kasha lenye amplifaya ndogo na betri ya volti 12 ya amp-saa 7, kama zile za mashine za kulinda kompyuta. Betri hiyo ina nguvu ya wati-saa 84 na uzito wa kilo 2 na kitu. Lakini ni betri ya asidi, nayo ikimalizwa nguvu yote mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo ihesabu kama nusu yake. Amplifaya ikila wati 20, utapiga saa mbili kwa usalama. Kwa arusi ya usiku mzima, chukua betri ya pili.

La tatu ni wati, na hapa wengi hudanganyika. Utaona kasha limeandikwa wati elfu kadhaa kwa herufi kubwa za rangi. Tafuta maneno madogo. Ikiwa ni PMPO, hesabu hiyo ni ya kishindo cha kufumba na kufumbua, haina maana katika kazi. Ikiwa ni RMS, hiyo ndiyo nguvu ya kudumu. Tena fahamu kwamba ukizidisha wati mara mbili, tuseme kutoka 30 hadi 60, sauti yaongezeka desibeli 3 tu, ambayo sikio huiona ni nyongeza ndogo. Na mahali pa wazi, msikilizaji akiwa mbali mara mbili, sauti humpungukia desibeli 6.

Maana yake ni nini? Ni kwamba msikilizaji aliyekaa mita 8 kutoka kwenye spika, akisogea mpaka karibu mita 6, amepata faida ile ile ambayo angeipata kama ungenunua amplifaya yenye wati maradufu. Kusogeza mkeka hakugharimu senti, wala hakuongezi kilo hata moja kwenye keria. Watu wa kidumbak walilijua hili bila hesabu: hukaa katikati ya watu, na watu huwazunguka. Nawe fanya hivyo. Weka spika juu ya kiti ili sauti ipite juu ya vichwa vya waliokaa mbele, na iweke karibu na ukuta wa nyumba, maana ukuta huirudisha sauti nzito na kuiongeza.

La nne ni aina ya spika. Wengine huazima amplifaya ya gitaa kwa kuwa ipo karibu. Lakini hiyo hutengenezwa ili ibadili sauti ya gitaa, ikakate ncha za juu na kuikwaruza. Kinanda chataka spika inayosema kweli, kutoka nzito ya chini mpaka nyembamba ya juu. Ufunguo wa chini kabisa wa kinanda cha funguo 61 hutikisika mara 65 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya inchi 3 au 4 haiwezi kuutamka sawasawa. Inchi 6 na nusu ni kiasi cha chini cha kufaa, na 8 ni bora. Tena unganisha kwa waya, usitumie Bluetooth. Kwa kusikiliza nyimbo haina neno, lakini mpigaji hugusa ufunguo na sauti huja imechelewa, pengine sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na hapo hataweza kwenda pamoja na ngoma.

Na kufunga mzigo? Spika ikae kwenye keria, chini kadiri iwezekanavyo, juu ya ubao wenye kipande cha godoro, ili mashimo ya barabara yasiivunje. Ifunge kwa mipira ya tyubu kuukuu, ambayo hushika kuliko kamba. Kinanda kikae mgongoni ndani ya mfuko wenye pamba, kimesimama, kisilazwe kukingama keria na kugonga milango ya magari. Wakati wa masika na wa vuli, chukua turubai dogo au mfuko mnene wa nailoni. Na kwa kuwa hewa ya Unguja ina chumvi ya bahari, futa ncha za waya kwa kitambaa kikavu kila urudipo, la sivyo kutu itakula kabla ya mwaka kwisha.

Limebaki jambo moja, nalo ni la adabu. Katika mtaa kama Jang'ombe, ukuta wa arusi ndio ukuta wa jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga. Wakati wa adhana muziki hunyamaza, na usiku ukiwa mwingi sauti hushushwa. Mpigaji anayejua haya hualikwa tena. Spika ndogo humsaidia, maana hata akikasirika hawezi kuutikisa mtaa mzima.

Basi kijana anayeweka akiba ya spika asimtazame mwenye jukwaa kubwa pale Ngome Kongwe. Autazame uwanja wa jirani yake, upana wa uchochoro wake na nguvu ya miguu yake. Kilo 7, betri yake yenyewe, wati 30 za kweli, na mikeka iliyosogezwa karibu: hivyo vyatosha arusi ya Jang'ombe, na alfajiri baiskeli itamrudisha kwake na ujira wake wote.