Picha Mbaya za Mto

Mwezi wa Agosti 2022 niliazima kamera kwa rafiki yangu anayepiga picha za harusi mjini Goma. Nikapanda pikipiki kupitia Sake hadi nyumbani Kitshanga, nikiwa na mpango wa siku mbili: asubuhi moja kwenye maziwa ya Mokoto, kisha siku nzima kandokando ya mto Mweso. Nilitaka picha za kutundika ukutani. Kwetu hatuna picha. Mwaka 2013, mapigano yalipoteketeza sehemu kubwa ya mji, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na albamu ya mama iliungua pamoja na kabati lililoihifadhi.

Kichwa changu kilikuwa kimejaa filamu za watu wanaoteremka mito mikali kwa kayaki. Nilikuwa nimesoma habari za Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeteremka Nile Nyeupe mpaka baharini mwaka 2004, na ambaye Desemba 2010 mamba alimnyakua kutoka kwenye kayaki yake katika mto Lukuga, hukohuko Kongo, mbele ya wenzake wawili Wamarekani. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimwonea wivu pia, kwa kuwa mito yetu aliijua kwa mwili wake wote. Mimi niliijua kwa kuchota maji na kufua.

Mjomba alikubali kunisindikiza. Yeye amevua samaki Mokoto tangu ujana wake, na Mweso anauvuka kama mtu anavyovuka uwanja wa nyumba yake. Kihunde ndiyo lugha yake ya maji. Kiswahili anakitumia sokoni, Kinyarwanda anakitumia na jirani, Kinande akiuziwa chumvi. Lakini akishika kafi anarudi kwenye Kihunde, na sikumbuki hata mara moja akikosea hapo.

Tulitoka gizani. Ziwa Ndalaga asubuhi lina ukungu mzito unaokaa juu ya maji, na vilima vinajitokeza kimoja kimoja. Nikapiga picha mpaka vidole vikafa ganzi. Mjomba, nyuma yangu kwenye mtumbwi, alikuwa akitaja vitu: maji ya namna hii, maji ya namna ile, pale pana jani chini, pale pana baridi ya chemchemi. Nilikuwa naitikia “ee” bila kusikiliza. Mwishowe akaniuliza kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa: “Wewe uko unaangalia mayi, ao uko unaangalia kale kamashini?”

Nilicheka. Sikujibu.

Mtoni nilifanya jambo ambalo kila anayejifunza upigaji picha hulifanya. Niliweka kamera juu ya jiwe, nikaacha lenzi ikae wazi nusu sekunde, na maji yakawa maziwa. Hii ni mbinu inayojulikana: ukifungua kwa muda mrefu, kila tone linachora mstari badala ya nukta, mistari inalaliana, na mto mkali unageuka kitambaa laini kilichotandikwa juu ya mawe. Nilipenda sana. Nilipiga karibu mia mbili za namna hiyo. Zile chache nilizozipiga haraka, kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, zilikuwa na maji yaliyogandishwa ovyo, mapovu, makunyanzi, na mkono wa mjomba ukiingia pembeni. Nilidhamiria kuzifuta jioni. Betri ikaisha kabla.

Kabla haijaisha, niliteleza. Nilikuwa nimerudi nyuma hatua moja ili jiwe liingie lote katika picha, na mguu ukakanyaga mahali ambapo maji yalionekana tulivu kabisa, kama kioo. Chini yake palikuwa na mvuto. Mjomba akapiga ukelele wa neno moja na wakati huohuo akaninyoshea upondo. Nilishika. Kamera ilikuwa shingoni, juu ya maji, nzima. Tulikaa ukingoni tukitetemeka, mimi kwa baridi, yeye kwa hasira, naye hakusema nami tena mpaka tulipofika nyumbani.

Neno lile alilolipigia kelele silikumbuki.

Tarehe 26 Januari 2023 waasi wa M23 waliingia Kitshanga. Mimi nilikuwa nimesharudi Dar es Salaam kwenye masomo. Mjomba na watu wake walitembea mpaka kambi moja pembezoni mwa Goma. Mvuvi akawa mtu wa kupanga foleni ya maji ya tanki.

Mwishoni mwa 2024, katika semina ya leksikografia, tulitakiwa kukusanya msamiati wa uwanja mmoja mdogo. Wengi walichagua mapishi. Mimi nilichagua maji yanayotembea, nikaanza na Kiswahili, nikashangaa. Mwulize mzee wa Pemba au Lamu akutajie hali za bahari: atakupa bamvua, maji mafu, kujaa na kupwa, na bado hajaingia kwenye pepo. Lakini mpe mto unaoteremka mlima, utapata mkondo, utapata maporomoko, pengine kivuko, halafu atahamia kwenye sentensi ndefu za “pale ambapo maji huwa...” (Walimu wa Pwani mtaniwia radhi, nikikosea mtanisahihisha ukumbini.) Mahali nilipotelezea, penye uso wa kioo na mvuto chini yake, sikupata neno la Kiswahili la kupaita.

Basi nikamtumia mjomba picha kwa WhatsApp. Nilianza na zile nzuri. Alijibu kwa sauti, nyuma yake watoto wakilia na turubai likipigwa na upepo: “Mwana wangu, hii haiko mayi. Hii ni pamba.” Nikatuma nyingine. Pamba. Nyingine. “Ni pamba tu, unaniletea pamba.” Hakuwa akinitania. Kila anachokisoma kwenye mto, yaani mikunjo, mapovu yanapogeuka, mstari mwembamba unaotenganisha maji yanayokwenda na yanayorudi, nusu sekunde yangu ilikuwa imekipangusa.

Nikarudi kwenye zile nilizotaka kuzifuta. Nilizihesabu: zilikuwa 43. Nilipotuma ya kwanza alinyamaza dakika nzima ndani ya rekodi, nasikia pumzi zake tu, kisha akaanza kutaja. Kushoto kwa jiwe hivi, nyuma yake vile, na pale mbele usiweke mguu. Kwa wiki sita nilipata maneno kumi na tisa. Siyaandiki hapa: Kihunde ni lugha ya toni, rekodi zina upepo, na mjomba alinikataza kuyachapisha kabla sijamsomea yote ayapitishe. Nilimwuliza pia lile neno la siku ile. Akasema hakumbuki, labda aliniita jina langu tu. Mimi najua halikuwa jina langu.

Siku hizo nilikuwa nasoma utendi wa Mwindo wa Wanyanga, majirani zetu wa upande wa Walikale. Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956, na mwaka 1969 ukachapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu na Mnyanga mwenyewe. Mtoto anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni kwa amri ya baba yake. Ngoma haizami, naye anasafiri kwenda juu, kuelekea kwenye chanzo, kwa shangazi yake Iyangura. Zamani ningesoma hapo kwa ajili ya muujiza. Sasa nilikuwa nasimama kwenye kila neno la maji na kujiuliza nani aliwaeleza hawa mabwana, na kama alikuwa amesimama ukingoni akionyesha kwa kidole.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma nayo ilichukuliwa. Februari kambi zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Simu ya mjomba haikupatikana. Semina ilifika mwisho. Niliwasilisha maneno kumi na tisa bila kuyapitisha, kwa mwalimu peke yake, na kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika kwamba hayajaruhusiwa. Alama nilipata nzuri. Sikuzifurahia.

Wiki iliyopita iliingia sauti kutoka namba nisiyoijua. Yuko hai, yuko njiani, hakutaja wapi na sikumwuliza. Simu ya zamani ilipotea pamoja na picha zote. Akaniomba nizitume tena. “Zile mbaya,” akasema, “usiniletee pamba.”

Nimetuma zote 43. Hadi naandika haya, kumi na moja zimefika.