Simba wa Vugha

Katika vitabu vya shule alama hupangwa kwa safu mbili, upande huu alama, upande ule maana yake. Mwenge ni mwanga, jembe ni kazi, simba ni nguvu. Nimefundisha kwa safu hizo miaka mingi katika chuo cha ualimu, na mtihani nao una haki yake. Lakini sisi wa Usambara tunaye simba wetu, naye hakai ndani ya safu.

Watawala wa Vugha, wa ukoo wa Wakilindi, waliitwa Simba Mwene, hadi utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963. Wazee husimulia kuwa jina latokana na Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu. Kwao alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakamwogopa kuwa ni mleta mikosi. Akakimbia na mbwa wake, akaishi porini akiwinda nguruwe, kisha akapanda milimani akiwapa wenyeji nyama, nao wakimpa chakula cha mashambani. Katika kuingia Vugha akamwua simba usiku. Kisa hiki kimo katika Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy.

Msomaji asiniulize kama kweli simba alikuwapo. Wairishi wana kijani chao cha sehemu tatu, ambacho yasemekana Mtakatifu Patrick alikitumia kufundisha Utatu. Patrick aliishi karne ya 5, na kisa hicho hakikuchapishwa kabla ya karne ya 18. Sijasikia Mwairishi aliyekitupa kijani chake kwa sababu hiyo.

Linalonishughulisha mimi ni kwa nini wakulima wa migomba wamwite mtawala wao kwa jina la mnyama anayewala. Steven Feierman, aliyewahoji wazee wetu miaka ya 1960, aliona kuwa kisa chote kimejengwa juu ya tofauti ya Shambaai na nyika, yaani huku juu penye ubaridi na mashamba, na kule chini penye joto na wanyama wakali. Mbegha ni mtu wa nyika aliyeletwa kukaa katikati ya migomba. Nadhani hapo ndipo penyewe. Wazee walijua kuwa wanamkaribisha mkali nyumbani, wakitaraji ukali wake uwakinge na mvua yake inyeshe. Kisambaa kina maneno mawili ya jambo hili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Simba ni yule yule katika yote mawili.

Nao waliyaona yote mawili. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na 1852, nchi ilikuwa kubwa na yenye mtawala mmoja. Alipofariki, mnamo 1862, wanawe na wajukuu wakapigania urithi. Semboja, mmoja wa wanawe, akakaa Mazinde, chini nyikani, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana. Akaivamia Vugha, na watu wengi wakauzwa utumwani. Mtu angedhani simba amerudi kwao.

Mwaka juzi mjukuu wangu aliulizwa darasani simba ni alama ya nini. Akaandika: hofu. Akatiwa mkasi mwekundu. Nililitazama daftari lile kwa muda, nikamweleza habari za Semboja, naye akaniuliza kama watu walimpenda Simba Mwene au walimwogopa. Nikamwambia aende Vugha akawaulize wazee, maana kila ukoo utamjibu kwa namna yake.

Simba wenyewe hawako tena milimani. Wako Mkomazi, chini nyikani, na watoto wengi wa Lushoto wanamjua kwa sura yake katika noti ya shilingi 2,000.