Kreti ya shangazi na majedwali yangu

Nimepotea, najua. Nilikuwa nikirekebisha programu iliyomsingizia shangazi yangu, na programu yenyewe niliiandika mimi.

Kisa ni hiki. Shangazi anauza mbuta hapa Kisumu, katika kikundi cha akina mama wachuuzi. Mnunuzi wao mmoja alitaka kujua kila kreti ya samaki imetoka wapi. Si jambo geni ziwani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya wanaovuliwa kwa sumu. Kisha sheria yao namba 178 ya mwaka 2002 ikamtaka kila mfanyabiashara wa chakula ajue amenunua kwa nani na amemuuzia nani. Hatua moja nyuma, hatua moja mbele.

Nikatengeneza hifadhidata ya majedwali, ile ya kawaida ya SQL: jedwali la kreti, la watu, na la mauzo. Wazo hilo Edgar Codd wa IBM alilichapisha mwaka 1970. Ukitaka kumjua aliyeuza kreti, unaunganisha majedwali mara moja. Aliyemuuzia huyo, mara mbili. Nikaishia hapo, maana nilidhani safari ni fupi: mvuvi, mchuuzi, mnunuzi.

Siku moja kreti ikafika imeoza. Programu ikarudi nyuma hatua mbili, ikamfikia shangazi, ikakoma. Kwenye skrini yeye ndiye akaonekana chanzo. Mnunuzi akazuia malipo ya kikundi kizima, na wenzake wakaacha kumsalimia. Akaja kwangu, akakaa, akasema: "Nyathina, mashine yako imenisingizia."

Tukafuata safari pamoja. Samaki wale walivuliwa karibu na Mfangano, wakala akawakusanya, mwingine akawatia barafu Mbita na kuwagawa katika kreti kadhaa, wakavuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, wakaja Kisumu kwa barabara. Shangazi akanunua, akamuuzia mchuuzi mkubwa. Kumbe mauzo yote hayo yalikuwamo kwenye jedwali! Mawakala waliyaingiza kwa simu. Mimi ndiye sikuyauliza.

Basi nikayahamishia kwenye grafu. Humo hakuna majedwali, kuna sentensi fupi za sehemu tatu: kreti 41, imetokana na, kreti 17. Huo ndio mfumo wa RDF, ambao W3C iliupitisha mwaka 1999. Katika lugha yake ya maulizo, SPARQL, toleo 1.1 la mwaka 2013, naandika "imetokana na" na kuweka alama ya kujumlisha mwishoni mwake. Maana yake: fuata uzi huu hadi mwisho, ziwe hatua mbili au ishirini. Hata majina hayasumbui. Mbuta wetu ni sangara kwa Watanzania na mputa kwa Waganda. Naongeza sentensi fupi tu kwamba ni samaki yule yule.

Uzi ukapita kwa shangazi, ukafika Mbita, ukaenda hadi Mfangano. Nikaugeuza: kutoka kreti ile ya Mbita, zilizaliwa kreti gani nyingine? Zikaja nne, zimeuzwa na akina mama wengine, na mbili kati yake zilikuwa zimeandikwa kuwa zimeoza. Mnunuzi alipoona hivyo, alilipa.

Je, tutupe majedwali? Hapana. Jumla ya kilo na shilingi bado nazitafuta kwenye SQL. Tena kiwango cha SQL cha mwaka 1999 kina maulizo yanayojirudia, na PostgreSQL inayo tangu 2009, kwa hiyo hata majedwali yangeweza kuufuata uzi ule. Kosa lilikuwa langu, si la Codd. Lakini kwenye majedwali swali lile lilihitaji nilikumbuke. Kwenye grafu ndilo swali la kwanza linalokujia. Vitu vikiungana kwa hatua usizojua idadi yake, mimi sasa naanza na grafu. Na kabla ya kuanza, nakaa na mwenye kreti.

Shangazi amenisamehe. Jana ameniletea mbuta mzima, akaniambia nile tu, nisiulize ametoka wapi.